Maswali Yenu Kuhusu Nyumba na Viwanja Dar

Nimeoneshwa nyumba Kinyerezi. Dalali anasema kuna watu wengine wawili wanaitaka, hivyo nitoe kishika uchumba cha milioni 2 leo leo. Mwenye nyumba amenipa fotokopi ya hati. Je, inatosha? (Msomaji, Segerea)

Haitoshi, na hao wawili waache watangulie kulipa. Fotokopi inaonesha hali ya siku hati ilipotolewa, haioneshi kilichosajiliwa baadaye. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yatakwambia ardhi iko kwa jina la nani leo, kama kuna rehani, na kama kuna mtu ameweka zuio. Mara nyingi muuzaji anayetembea na fotokopi tu ana sababu: hati halisi iko benki, imeshikilia mkopo. Nyumba ya namna hiyo inaweza kununuliwa, lakini sehemu ya fedha yako inakwenda benki moja kwa moja ili rehani ifutwe, haipitii mfukoni mwa muuzaji.

Jina likipatikana, lilinganishe na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi. Mwenye hati akiwa marehemu, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kuelekea mahakamani tu, haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Mwenye hati akiwa hai na ana ndoa, mwenzi wake atie saini ya ridhaa, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mmoja kimyakimya. Hapa ndipo mauzo mengi yanavunjikia, miezi baada ya mnunuzi kuhamia.

Tazama pia muda uliobaki. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Ya miaka 33 iliyoanza 1998 inaisha 2031, na benki haitaikimbilia kama dhamana ya mkopo. Ukimaliza hayo yote, mkataba uandikwe na wakili wako, si wa dalali, na kishika uchumba kiandikwe humo pamoja na sharti la kurudishwa upekuzi ukileta mabaya.

Kuna kiwanja Chanika, "20 kwa 20", hakijapimwa, karatasi ni ya serikali ya mtaa. Bei nzuri. Ninunue? (Baba Wawili, Gongo la Mboto)

Kwanza uliza: 20 za nini? Huko pembezoni wengi hupima kwa hatua. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15. Mita 15 kwa 15 ni mita za mraba 225, wakati 20 kwa 20 za kweli ni 400. Umepunjwa karibu nusu, na bei nzuri imeshaacha kuwa nzuri. Nenda na tepu ya mita 50 na mtu wa kukushikia ncha. Pima pande nne, kisha kona kwa kona mara mbili. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kilichonyooka kitatoa mita 28.3 zote mbili. Zikitofautiana, kona zimepinda na ukuta wako utamgusa jirani.

Kisha mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa achukue koordineti za kona, na uzipeleke idara ya mipango miji ya halmashauri. Huko utajua kama eneo ni makazi, au mchoro unasema shule, barabara au eneo la wazi. Usijaribu kufanya hivyo kwa simu. Simu inasoma koordineti kwa mfumo uitwao WGS 84, ilhali ramani nyingi za zamani za upimaji zimechorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960. Ukichanganya mifumo hiyo, kiwanja chako kinahama karibu mita 300, na utaambiwa kiko salama kumbe aliye salama ni mtu mwingine.

Karatasi ya mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana mbele ya watu. Haimzuii muuzaji kukiuza tena wiki ijayo. Majirani wa pande zote watie saini wakiwa wamesimama kwenye mipaka, siyo ofisini. Kama kiko kando ya barabara kuu, kumbuka hifadhi ya barabara ni mita 30 kutoka katikati yake, kila upande, tangu Sheria ya Barabara ya 2007. Zipo sehemu ambako ni zaidi, kama watu wa Kimara walivyoona 2017 nyumba zao zilipobomolewa.

Mbali na bei, nitenge nini? (Neema, Ubungo)

Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, ni wa mnunuzi. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji. Ziandike mkatabani, maana wauzaji hupenda kuzisahau. Ongeza mthamini, wakili na ada za uhamisho. Dai risiti za pango la ardhi, pamoja na bili ya maji ya DAWASA isiyo na deni.

Naangalia nyumba mwezi Agosti, kila mahali pakavu. Nitajuaje kama panajaa maji? (Msomaji, Mikocheni)

Tazama rangi. Ukuta uliopakwa upya kuanzia chini hadi kiunoni tu, huku juu rangi ikiwa ya zamani, unaficha mstari wa maji. Kwaruza kidogo karibu na sakafu: unga mweupe wa chumvi maana yake unyevu unapanda. Angalia soketi, zikiwa zimehamishwa juu kupita kawaida, mwenyewe alishajifunza. Fungua mfuniko wa chemba ya choo. Ikiwa imejaa Agosti, wakati wa masika itatapika uani.

Halafu muulize muuza genge wa jirani, usimuulize dalali, maji ya masika yalifika wapi. Na kama kuna mto au korongo, pima: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 za kingo zake. Ukikuta alama ya X ya bomoabomoa iliyofichwa kwa chokaa, geuza pikipiki.