Paka mwenye kisukari: usiongeze insulini kwa kuangalia kipimo cha sukari cha asubuhi tu

Tangu nianze kumpima paka wangu sukari nyumbani, swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu wenye paka wa namna hiyo ni hili: asubuhi mashine ya kupimia sukari imesoma 20 (milimoli kwa lita), je, nimwongezee dozi ya insulini? Hapana.

Kipimo cha kabla ya sindano kinakuonyesha kama ni salama kuchoma sasa hivi. Kama dozi inatosha au imezidi, utajua sukari inapofika chini kabisa katikati ya sindano mbili, mara nyingi saa 4 hadi 8 baada ya kuchoma. Paka anaweza kuanza na milimoli 20 asubuhi na kufika 5 mchana. Ukimwongezea kwa sababu ya ile 20, mchana anaweza kushuka hadi 2, na hapo anaweza kupata degedege.

Kwa hiyo, siku ya kumfuatilia nashinda naye. Napima kabla ya sindano, kisha kila baada ya saa 2 mpaka saa 12 zitimie. Daftarini naandika muda, namba, alichokula na yuniti alizopata. Daktari wa mifugo ndiye anayeamua kutokana na daftari hilo, na akibadilisha huwa ni nusu yuniti, au moja ikizidi sana. Baada ya hapo dozi haiguswi kwa wiki nzima hivi, maana mwili huchukua siku kadhaa kuizoea. Namba za nyumbani zina faida nyingine: paka akiingiwa na hofu kliniki, sukari hupanda kwa hofu tu.

Damu naitoa ukingoni mwa sikio. Kwanza nalipasha joto kwa viganja, maana sikio baridi halitoi kitu. Naweka pamba upande wa pili nisijichome kidole, natoboa pembeni kidogo ya ule mshipa mwembamba, kisha nabana mpaka damu ikatike. Usipobana atatikisa kichwa, nawe utashinda ukifuta ukuta. Mpe kitu anachokipenda papo hapo. Wangu siku hizi akiona mashine anakuja mwenyewe.

Mashine za binadamu kwa kawaida husoma chini kuliko sukari halisi ya paka, kwa hiyo mwambie daktari unatumia ipi na usibadilishebadilishe. Sirinji nayo iangalie vizuri. Insulini ya U-100 (yuniti 100 kwa mililita) ukiivuta kwa sirinji ya U-40 (iliyotengenezwa kwa insulini ya yuniti 40 kwa mililita), kila alama ya yuniti moja inabeba yuniti 2.5.

Akigoma kula, akitapika, au kipimo kikiwa chini kuliko kawaida yake, usichome kabla ya kumpigia daktari. Sindano ikimwagikia kwenye manyoya na hujui kiasi gani kimeingia, usirudie. Subiri ya zamu inayofuata. Sukari ikipanda kwa saa chache haina hatari kama ikishuka.

Ukimwona anayumba, anatetemeka au amelegea ghafla, usipoteze muda kutafuta mashine. Kama anameza vizuri, mpe chakula mara moja. Kama hawezi, mpake asali kidogo kwenye ufizi, usimmiminie kinywani asije akapaliwa, na umpeleke kwa daktari hata akionekana amezinduka, kwa sababu insulini bado inafanya kazi mwilini na anaweza kushuka tena njiani.