Mwiba wa nyenga na mwiba wa nyuki

Nyinyi mnaoanza somo la viumbe, ipo siku mtapewa wanyama wawili wasiohusiana hata kidogo muwalinganishe. Mimi nilipewa nyenga wa madoa ya buluu, Taeniura lymma, samaki bapa tunayemwona huku Jambiani, Unguja, na nyuki mchimbaji wa Ulaya, Andrena fulva, niliyemjua vitabuni tu. Sentensi yangu ya kwanza ilisema: wote wana mwiba. Mwalimu akaipigia mstari, akauliza: "Umetokana na nini?"

Ulizeni hivyo kila mara. Neno ni moja, vitu ni viwili. Mwiba wa nyenga ni gamba la ngozi lililogeuka silaha, dume na jike wote wanao. Wa nyuki ni mrija wa kutagia mayai uliobadilika, kwa hiyo dume hana. Mvuvi mmoja alinishikia mkia wa nyenga kwa koleo nikautazama: kingo zina meno kama ya msumeno, yameelekea nyuma, na juu yake ngozi nyembamba yenye ute. Ukichoma unachana, na ukitoka unachana tena.

Kwenye uzazi ndiko nilikopenda zaidi. Yule nyuki hana malkia wala vibarua. Jike huchimba shimo lake peke yake, kifusi kikasimama mdomoni kama kilima. Kila chumba hukiwekea donge la chavua na mbochi, yale maji matamu ya maua, akataga yai moja, akaziba. Wanawe hutoka majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata, yeye keshakufa zamani. Nyenga hubeba wanawe tumboni, akiwalisha majimaji kama maziwa, na huzaa hadi saba, wakiwa na madoa tayari.

Rangi na ukubwa andikeni, lakini msipoteze ukurasa mzima hapo.

Mkishuka pwani, jueni kwamba huyu wa madoa huja juu ya mchanga maji yakijaa kutafuta chakula, yakipwa hujificha chini ya matumbawe. Wanaojifukia mchangani ni nyenga wengine. Kwa ajili ya hao, mama mmoja wa mwani aliniambia, "Mwanangu, usinyanyue mguu, ukokote," nami sijaacha. Nyenga akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasikubabue, maana joto hudhoofisha sumu, kisha nenda hospitali hata maumivu yakipoa: kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.