Kichwa cha mawazo na diclo: hesabu siku, siyo vidonge

Weka hizo diclo, vidonge vya maumivu vya diklofenaki, chini kwanza. Salamu baadaye.

Mkuu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, mkopo wa kausha damu unaorejeshwa kila wiki, kichwa kinabana mwezi wa nne sasa, tumbo linawaka, moyo unadunda usiku, vidole vinakufa ganzi, kizunguzungu, presha ya duka la dawa imesoma 152/96. Umeuliza mambo matatu: kama mawazo yanaweza kuleta yote hayo, ufanyeje ulale, na kama uanze vidonge vya presha alivyobakiza jirani. Halafu kwa mkato tu, kwenye mabano, ukaandika: "kwa sasa nameza diclo mbili mbili, asubuhi, mchana na usiku, zinasaidia kidogo."

Hayo mabano ndiyo uzi wenyewe. Na mimi niliwahi kuyasema hivyo hivyo, yakanigharimu chupa mbili za damu ya watu nisiowajua. Kisa chenyewe sikisimulii, kina aibu zake na wengine humu bado wananiita Mzee wa Lami. Wacheke tu.

Tuanze na swali lako la kwanza ili tulimalize. Ndiyo, mawazo yanaumiza mwili. Ukilala unapiga hesabu ya rejesho saa nane usiku, mwili unajiandaa kama vile mdai kashafika mlangoni: adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, presha inapanda kwa muda, misuli ya mabega, shingo na taya inakaza. Ukiwaza kwa saa sita, shingo imekaza kwa saa sita. Hicho ndicho kichwa chako kinachobana pande zote kama umefungwa kilemba cha waya. Ganzi ya vidole na kizunguzungu vinatokana na pumzi fupi za haraka zinazotoa hewa ukaa kupita kiasi. Na tumbo likishakuwa na wasiwasi, asidi ile ile ya kila siku unaihisi kama moto.

Ila mawazo peke yake hayachimbi kidonda cha tumbo kama tunavyoambiana mitaani. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba vidonda vingi vinatokana na bakteria H. pylori. Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 kwa sababu watu walikuwa wanambishia, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Mchimbaji mkuu wa pili ni ukoo wa diclo: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao. Kwa hiyo unakitibu kichwa cha mawazo kwa kitu kinachochimba tumbo, halafu tumbo likiuma unayasingizia mawazo. Mkopo unakausha damu kwa nje, diclo inaimwaga kwa ndani.

Piga hesabu nami. Vidonge vyako umesema ni vya mchanganyiko, 50 mg za diklofenaki na 500 mg za paracetamol. Sita kwa siku ni 300 mg za diklofenaki. Kikomo cha mtu mzima kwa siku ni 150. Umezidisha mara mbili, na paracetamol imefika gramu 3. Ukiongeza panadol mbili za usiku, kama ulivyoandika kwenye majibu ya chini, umegusa gramu 4, mpaka ambao ukiuvuka unaanza kulichezea ini.

Jinsi inavyoharibu: tumbo lina ute unaolilinda lisijiyeyushe kwa asidi yake. Ute huo unaamrishwa na kemikali zinazoitwa prostaglandini, na diclo inatuliza maumivu kwa kuzizuia hizo hizo. Maumivu yanapungua, na ulinzi unaondoka. Kuvuja kunaweza kuanza kidogo kidogo bila maumivu yoyote. Choo kinakuwa cheusi, kinanata kama lami, kinanuka vibaya kuliko kawaida (kama unameza vidonge vya madini ya chuma choo pia huwa cheusi, usichanganye). Damu ikipungua, moyo unadunda, unaishiwa pumzi ukipanda mawe kurudi nyumbani Igogo, unachoka, unasikia kizunguzungu. Sasa soma tena dalili ulizoandika. Utatofautishaje na wasiwasi? Huwezi, mpaka upime wingi wa damu. Wengi tunajiambia "ni stresi tu", tunawaza zaidi, kichwa kinauma zaidi, tunameza zaidi.

Na sasa nimfikie yule wa koti jeupe nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Namjua wa kwangu, na wa kwako naona ni pacha wake. "Kunywa ukiwa umeshiba, haina shida." Uongo. Chakula kinapunguza kuwaka tu, maana dawa ikishaingia kwenye damu inalirudia tumbo kwa mlango wa nyuma. "Basi uchome sindano, haipiti tumboni." Mlango wa nyuma ule ule. "Kunywa na maziwa." Maziwa ni chai ya mtoto, mzee. "Ongeza omeprazoli." Hii ni ya kupunguza asidi na ina ukweli kiasi, inapunguza hatari ya tumbo, lakini haiulindi utumbo wa chini wala haikiondoi kichwa. Mbaya kuliko zote ni vile vidonge vidogo visivyo na jina anavyokufungia kwenye karatasi "vya kuongezea nguvu". Vikiwa deksamethasoni au predinisoloni, ukachanganya na diclo, hatari ya kuvuja inapanda sana. Usitoke dukani na kidonge usichokijua jina. Wabeja (asante) sana, daktari wa kaunta.

Kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka modereta anifungie: kwa kichwa cha mawazo, dawa ya maumivu isizidi SIKU MBILI kwa wiki. Siku, siyo vidonge. Ukimeza diclo au panadol siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuanza kukuletea kichwa. Unaamka kinauma kwa sababu ya jana iliyoisha nguvu, unameza, kinapoa, kesho tena. Wewe uko siku 30 kati ya 30.

Diclo unaiacha kwa mkupuo. Kichwa kitakuwa kibaya zaidi kwa siku 2 hadi 10, na watu wengi hushindwa hapo, wanadhani ugonjwa umezidi. Acha leo; siku hizo zikiangukia kipindi cha mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa haitoki na wewe huna mzigo wa kuanika, ulale nacho nyumbani. Najua mbalamwezi ndiyo hela haiingii na mawazo yanazidi. Heri hivyo kuliko kuanguka juu ya turubai la dagaa. Badala ya diclo, kanda shingo na mabega kwa taulo la maji ya moto dakika 15, asubuhi na jioni. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano, tumbo ndilo lipande siyo kifua. Kikizidi kabisa, paracetamol tupu gramu 1, na siku hiyo iandike kwenye kalenda kama moja kati ya mbili zako.

Vidonge vya jirani mrudishie. Diclo inashikilia chumvi na maji mwilini, inapandisha presha, na inazidhoofisha dawa nyingi za presha. Ukiimeza pamoja na aina fulani za dawa hizo, hasa zikiwa na za kukojoza, unayapiga mafigo. Sisemi 152/96 uipuuze. Iache diclo, kisha pima siku saba, asubuhi na jioni: kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, umeshakojoa, hujanywa kahawa nusu saa nzima. Pima mara mbili, ukipisha dakika moja. Siku ya kwanza itupe, zilizobaki tafuta wastani. Ukifika 135/85 au zaidi, mpelekee daktari karatasi hiyo. Ikifika 180/120 na kifua kinauma au mdomo umepinda, hakuna karatasi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu mawazo yenyewe, kwa kifupi: daftari, dakika 20, saa kumi na moja jioni kila siku, mbali na kitanda. Deni, kiasi, tarehe, hatua ya kwanza. Wazo jingine likija usiku, andika neno moja, lisubiri kesho jioni. Wasiwasi ukizidi miezi sita karibu kila siku, Bugando wana idara ya afya ya akili, na kwenda huko siyo uchizi.

Kesho asubuhi kabla ya mnada nenda kapime wingi wa damu. Waambie wapime na choo: H. pylori kwa kipimo cha choo, maana kile cha damu kinaweza kuonyesha bakteria hata baada ya kutibiwa, na kichocho pia, kwa sababu sisi wa ziwani tunaoga na kufua humo humo na nacho kinaumiza tumbo. Kama umetumia omeprazoli wiki mbili zilizopita au antibayotiki wiki nne zilizopita, useme, majibu ya H. pylori yanaweza kudanganya. Lakini choo kikiwa cha lami, au ukitapika kitu kama machicha ya kahawa, usisubiri mnada wala kesho, chukua bodaboda sasa hivi.

Namba ya damu ukiipata iandike hapa chini. Na uniambie diclo ya mwisho umemeza lini.