Hadubini ya shaba si sufuria ya kusuguliwa

SWALI: Nimerithi hadubini ya kale iliyochongwa jina la R. & J. Beck, London, pamoja na sanduku lake la mbao, lenzi za akiba na vioo vyenye vielelezo. Shaba imefanya madoa meusi na lenzi moja ina ukungu. Fundi ameniambia niisugue kwa limau na majivu, kisha nizitumbukize lenzi katika spiriti. Je, ni sahihi?

JIBU: Si sahihi, na ninakuomba usimkabidhi fundi huyo hata skrubu moja.

Wengi huamini kwamba rangi ya dhahabu ya hadubini hizi ni mng'ao wa shaba yenyewe. Mafundi wa London wa karne ya 19 waliipaka shaba tabaka jembamba mno la vanishi ya lakiri iliyoyeyushwa katika alkoholi, mara nyingi ikiwa imetiwa rangi ya utomvu wa miti, na ni vanishi hiyo inayoipendezesha shaba na kuikinga na hewa. Doa jeusi huonyesha mahali vanishi ilipobanduka. Ukisugua kwa majivu unabandua na ile iliyosalia pembeni, na shaba iliyobaki wazi huanza kusawijika upya. Limau nalo hula zinki iliyomo ndani ya shaba hiyo, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ndiyo maana uso hubaki na wekundu usiopendeza. Dawa za dukani zenye amonia zinaweza hata kupasua mirija, na msuguo wa kila mwaka hufuta jina na namba zilizochongwa, ambazo ndizo utambulisho wa chombo.

Spiriti ni hatari zaidi, kwa kuwa huyeyusha vanishi papo hapo. Tena, lenzi ya upande wa kielelezo huwa na vipande vya vioo vya aina tofauti, vilivyogandishwa kwa balsamu ya Kanada ili taswira isizungukwe na rangi za upinde wa mvua. Gundi hiyo pia haistahimili spiriti. Puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, kisha pitisha pamba safi iliyoloweshwa kidogo kwa maji yaliyokenekwa. Ukungu ukibaki, huenda umo ndani ya gundi, na hiyo ni kazi ya mtaalamu wa lenzi. Vioo vya vielelezo usivioshe kabisa, maana lebo zake za karatasi zikitoka, hakuna atakayejua tena kilichomo.

Shaba ipanguse kwa kitambaa laini kikavu, basi. Meno ya kurekebishia taswira yakiwa mazito, usiyatilie mafuta ya kupikia wala ya cherehani, kwani hutambaa hadi kwenye lenzi.

Ninaeleza kwa kirefu kwa sababu ushauri huohuo wa limau hutolewa kwa darubini, dira na mizani za kale, na wauzaji husugua makusudi ili mnunuzi avutwe na mng'ao. Fundi anayeahidi kung'arisha kabla ya kuuliza kama chombo kina vanishi yake ya asili hajui anachokishika.