Je, Grateful Dead walistahili sifa zao za jukwaani?

SWALI: Mhariri wa safu ya muziki, salaam. Kila ninaposoma habari za roki ya saikedeliki, ile ya sauti za kindoto iliyovuma miaka ya 1960, naambiwa kwamba bendi ya Kimarekani ya Grateful Dead haikuwa na mfano ilipopiga mbele ya watu. Binamu yangu amenipa santuri zao mbili za studio, nami nimeziona za kawaida mno. Nikatafuta onyesho lao la Woodstock, lile tamasha kubwa la muziki la Marekani, nikachoka kabla halijafika nusu. Sifa hizi zilitoka wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, masikio yako hayana kosa, ila umeingilia mlango usio wake mara mbili. Studioni bendi hii ilikuwa kama mgeni. Ama Woodstock, Agosti 1969, mvua ilikuwa imelowesha jukwaa, wapiga gitaa wakawa wanapigwa shoti na vyombo vyao wenyewe, na baadaye hata wao walikiri kwamba walipiga vibaya.

Tangu ilipoanzishwa California mwaka 1965 hadi kifo cha mpiga gitaa Jerry Garcia mwezi Agosti 1995, bendi hiyo ilipiga maonyesho yapatayo 2,300, na kwa kawaida haikupanda jukwaani na orodha ya nyimbo iliyokwisha kupangwa. Chukua wimbo wao wa Dark Star. Katika santuri ndogo ya mwaka 1968 haufikishi dakika tatu, lakini katika albamu ya Live/Dead, uliporekodiwa ukumbini Fillmore West, San Francisco, unapita dakika 23. Muda huo haukujazwa kwa kurudiarudia kiitikio. Sikiliza gitaa la besi la Phil Lesh, ambaye alisomea tarumbeta na hakuwa mpiga besi kabla ya kujiunga na bendi: halikai chini kushikilia mdundo, bali humjibu Garcia, humkatiza, na pengine hutangulia kumwonyesha njia. Muziki wa namna hii hauna dhamana. Usiku mmoja hupaa, usiku wa pili hupotea njiani, na ndiyo sababu mashabiki waliwafuata mji hata mji.

Hata hivyo, hawakuwa watu wa kubahatisha katika kila jambo. Mwaka 1974 walisafiri na mtambo wa sauti wenye uzito wa tani zipatazo 75, ukuta mzima wa spika uliosimama nyuma yao ili wanamuziki wasikie kilekile wanachosikia wasikilizaji. Kwa kuwa spika zilielekea mikrofoni, na kwa kawaida zingepiga mluzi usiovumilika, kila mwimbaji aliwekewa mikrofoni mbili zilizounganishwa kinyume, akaimbia moja tu. Sauti iliyoziingia zote mbili kwa pamoja, yaani ile ya spika, ilijifuta. Gharama za kuubeba mzigo huo ziliwaelemea, na kufikia Oktoba mwaka huohuo wakasimamisha ziara.

Wala mahali pa fahari hapakuwahakikishia muziki mzuri. Septemba 1978 walipiga siku tatu Giza, Misri, chini ya mapiramidi, pamoja na mwanamuziki Mnubi Hamza El Din, na usiku wa mwisho mwezi ukapatwa. Nani angeomba zaidi? Lakini piano haikuwa sawa, mpiga ngoma Bill Kreutzmann alikuwa amevunjika mkono, na kanda zilizorekodiwa ziliwavunja moyo kiasi kwamba hazikutolewa rasmi hadi mwaka 2008.

Tunayajua haya kwa sababu waliwaruhusu mashabiki kurekodi, na tangu Oktoba 1984 wakawatengea sehemu yao ukumbini, mradi kanda zibadilishwe bure na zisiuzwe. Kwa hiyo sifa yao si hadithi ya waliokuwepo tu, inapimika. Kwa maoni yangu, kanda nyingi za miaka ya mwisho, afya ya Garcia ilipokuwa imezorota, zinatia huzuni, na shabiki anayezisifu zote anakudanganya.

Wewe anza na onyesho la Chuo Kikuu cha Cornell la tarehe 8 Mei 1977, ambalo Maktaba ya Bunge la Marekani imeliingiza katika hazina yake ya rekodi za taifa. Nenda moja kwa moja pale Scarlet Begonias inapogeuka kuwa Fire on the Mountain, kisha ujaribu kuonyesha kwa kidole ni wapi hasa wimbo wa kwanza ulipokwisha.