Injini Inatetemeka Baada ya Kujitengenezea: Maswali na Majibu

Nimebadilisha gasketi ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) kwenye Probox. Sasa mizunguko inapanda hadi 1,400, inashuka, inapanda tena, na kuna mlio wa kufoka. Ninunue sensa (kifaa cha kupima hewa)? (Kisumu)

Usinunue chochote bado. Mlio huo ni wa hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Hewa inayopita kwenye sensa hupimwa, na kompyuta hutoa petroli inayolingana nayo. Inayopenya baada ya sensa haihesabiwi, ndiyo maana injini inahangaika.

Anzia ulipogusa mwisho. Pitisha kidole chini ya mpira mdogo unaotoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) kwenda manifoldi. Hupasuka kwenye kona, upande usioonekana. Kisha kagua mpira wa busta ya breki. Vyote vikiwa vizima, weka maji yenye sabuni kidogo kwenye chupa ya kupulizia, na injini ikinguruma, puliza kidogo kidogo pale manifoldi inapokutana na hedi (kichwa cha injini). Penye tundu patanyonya maji na mlio utabadilika papo hapo. Koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) zisilowe. Wapo wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta. Hiyo hushika moto kwenye injini iliyochemka, kwa hivyo achana nayo.

Mara nyingi utakuta gasketi ya mpira ilichomoka kwenye mfereji wake ikabanwa imekunjika. Iweke mpya, bila silikoni, maana petroli huilainisha silikoni. Kaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili.

Nimesafisha throto (mlango wa hewa ya injini) ya Nissan Note. Sasa inanguruma juu sana hata bila kukanyaga. (Nakuru)

Uchafu ulikuwa umeziba njia, na kompyuta ikazoea kufungua throto zaidi ili injini isizime. Umeutoa uchafu, lakini mazoea yamebaki. Inabidi ifundishwe upya kwa mashine ya kupimia. Injini iwe moto (nyuzi 70 hadi 95), gia iwe P, usukani unyooke, taa, AC na redio vizimwe, na betri isome zaidi ya volti 12.9 injini ikiwaka. Betri ikiwa dhaifu zoezi hukataa, na watu wengi hulaumu throto bure. Siku nyingine usiisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Gia zake za ndani ni za plastiki.

Pikapu yangu ya kabureta ilikuwa sawa Kisumu. Nimehamia Nakuru, inatoa moshi mweusi na kusitasita.

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru takribani 1,850. Hewa ya Nakuru ni nyepesi zaidi, petroli ni ileile, kwa hivyo petroli inazidi. Safisha chujio la hewa, kisha injini ikiwa moto, rekebisha skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko kwa wakati mmoja.

Fielder ina plagi 4 mpya lakini inakosa silinda moja, na taa ya injini inapepesa. (Kakamega)

Taa ikipepesa, usiendelee kuendesha: petroli isiyoungua inakwenda kuharibu kichujio cha moshi. Soma kodi (namba ya hitilafu) kwa mashine ya kupimia. P0302 ni silinda ya pili. Zima injini, badilishana koili ya pili na ya tatu, futa kodi, washa. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, ng'oa plagi uitazame kwenye mwanga: mstari mwembamba mweusi juu ya kaure nyeupe ni ufa, na cheche inapita hapo badala ya kwenye ncha. Plagi iliyowahi kuanguka sakafuni isirudishwe. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, badilisha sili za tapeti kava kwanza.

Nimebadilisha gasketi ya hedi. Inawaka ila inatetemeka mwendo wote, haina nguvu. (Bungoma)

Acha kuiwasha. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye kila silinda). Silinda mbili jirani zikiwa chini, gasketi inavuja kati yake. Zote zikiwa chini kwa usawa, shuku kwamba cheni inayozungusha kemu (mhimili unaofungua vali) imeruka jino, na ukiipandisha mizunguko vali zinaweza kugonga pistoni.

Zungusha krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kwa spana mara mbili kamili, kisha linganisha alama za gia za kemu na ya krenki. Usitafute viungo vya rangi vya cheni, maana baada ya mizunguko miwili havirudi mahali pake. Ukihisi kitu kimegota, usilazimishe. Rudisha nyuma, fungua kava ya cheni upange upya.