Mtoto Kulilia Jina: Jibu kwa Mama wa Makorora

SWALI: Shekhe, assalamu alaykum. Naandika kutoka Makorora, Tanga. Nimejaaliwa mtoto wa kike, sasa ana wiki saba. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na mimba ya miezi sita. Siku ya saba mimi na mume wangu tulikubaliana, tukampa mtoto jina la marehemu mama. Lakini sasa kila jioni mtoto analia, habembelezeki, mpaka usiku mkubwa. Mama mkwe na mawifi wanasema analilia jina: bibi yake mume wangu, aliyekufa zamani, anataka jina lake lirudi, kwa kuwa mtoto wa kwanza ni wa upande wa baba. Wamekwenda kwa fundi, amepiga bao, amesema jina libadilishwe na achinjwe kuku. Mume wangu ameanza kuyumba. Je, nimekosa kumpa mwanangu jina la mama yangu? Na nikikataa, kisha mtoto akapatwa na jambo, si nitakuwa mimi niliyemponza? Nikimbeba naona kama mama amenirudia. Siwezi kulitoa jina lake.

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Allah amrehemu mama yako na amkuze mwanao katika twaa. Hukukosa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipozaliwa mwanawe alisema: "Usiku huu nimezaliwa mtoto, nimempa jina la baba yangu Ibrahim." Ameipokea Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi. Kumuenzi mzee kwa jina ni jambo lenye asili, na wewe umelifanya kwa makubaliano na baba wa mtoto. Kwa upande wa hukumu, jibu lako limekwisha hapo.

Kilichonifanya niandike zaidi ni hili la kulilia jina, maana nimeulizwa mara nyingi hapa mjini, na wanaoniuliza ni watu wanaosali sala tano. Hilo ndilo linalonitia uchungu. Mtu hathubutu kupeleka ubani Mapango ya Amboni kumwomba mzimu, anajua hiyo ni shirki, lakini mzimu uleule anaufungulia mlango nyumbani kwake ukiingia kwa jina la bibi.

Tuwaulize wanaosema hivyo: huyo bibi anajuaje kwamba Makorora kumezaliwa mtoto? Allah amesema kuhusu waliokufa: "Na nyuma yao kuna kizuizi mpaka siku watakapofufuliwa." Hiyo ni Suratul Muuminun, aya ya 100. Aliyeko barzakhi, huko nyuma ya kizuizi, hatangitangi kutafuta kitoto cha kukiliza. Mtume ametwambia kinachomfikia maiti baada ya amali zake kukatika: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea dua. Jina hakulitaja. Huyo bibi, kama alikufa Muislamu, anangoja kuombewa na wajukuu zake. Nao wamembadilishia haja yake, wakampa sifa ya jini anayetesa vichanga. Mimi naona huko ni kumvunjia heshima kuliko kumnyima jina.

Watasema, "Mbona fulani alibadilishwa jina, na usiku uleule akanyamaza?" Hoja hii ndiyo inayowateka wengi, kwa hiyo tuikabili. Madaktari wa watoto wanajua kwamba kilio cha kichanga huanza kuongezeka wiki ya pili au ya tatu, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, huwa kikali zaidi jioni, kisha hupungua na kwisha kwenye mwezi wa tatu au wa nne. Hata mtoto mwenye afya kamili hupita humo. Sasa angalieni fundi anaitwa lini. Anaitwa kilio kikiwa juu kabisa, nyumba nzima haijalala, naye anaagiza jina jipya na kuku. Baada ya hapo kilio kitashuka tu, kwa sababu wakati wake wa kushuka umefika. Mtoto angeitwa jina lolote, au asingebadilishwa kabisa, angenyamaza. Fundi anachukua sifa, anachukua na pesa. Na mtoto asiponyamaza, fundi haambiwi kuwa amekosea. Wenye nyumba huambiwa ni babu mwingine naye anataka lake, na linapigwa bao la pili.

Bao lenyewe tumeshakatazwa. Mtume amesema mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake ya siku 40 haikubaliwi. Na kuku anayechinjwa ili mzimu uridhike, huyo ni wa laana: "Allah amemlaani mwenye kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah." Hadithi zote mbili ziko kwa Muslim. Asije mtu akasema ni mila tu.

Na hili la mtoto wa kwanza kuwa wa upande wa baba? Nasaba ni ya baba, kweli, na mwanao anaitwa kwa ubini wa baba yake; hapo hakuna aliyenyang'anywa kitu. Jina lake mwenyewe ni jambo jingine. Mtoto wa kwanza wa Bibi Fatima, binti wa Mtume, ni Hasan. Aliyempa jina ni babu yake mzaa mama, yaani Mtume, na aliyemchinjia akika, mnyama wa shukrani kwa kuzaliwa mtoto, ni huyohuyo. Mabinti wawili wa Bibi Fatima, yaani Zaynab na Ummu Kulthum, wana majina ya dada za mama yao. Wazazi wakigombania jina, wanazuoni wamesema haki ni ya baba, na Ibnul Qayyim, mwanachuoni wa zamani, ameeleza hivyo. Lakini kwako baba alisharidhia. Mama mkwe wako ana haki ya kuheshimiwa na kusikilizwa. Lau angeomba kabla ya siku ya saba, kwa mapenzi tu ya mama mkwe wake, ningekushauri uone uzito wa ombi lake. Leo msibadilishe. Mkibadilisha kwa hofu hii mtakuwa mmeshuhudia kwamba mzimu ulikuwa na haki, na mtoto wa pili akilia hamtakuwa na la kusema.

Nije kwenye hofu yako, maana nimeisoma mara kadhaa. Yule Ibrahim aliyepewa jina la baba yetu Ibrahim alifariki angali ananyonya, mwaka wa 10 wa Hijra. Siku hiyo jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume alikuwa na msiba wa mwanawe, macho yamemlengalenga, na bado alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Hakukubali msiba wake ufanywe ushahidi wa uzushi. Umri wa mwanao umeandikwa, binti yangu, wala haukufungwa kwenye jina. Ondoa kabisa neno la kumponza.

Ila nawe nina neno kwako, nalisema kwa huruma. Umeandika kwamba ukimbeba unaona mama amekurudia. Mama yako hajarudi. Ukiruhusu wazo hilo likae, utakuwa umesimama jirani kabisa na mawifi zako: wao wanaye bibi anayedai, wewe unaye mama aliyerudi. Na mtoto ataelemewa akikua, kila akikosea aambiwe somo yake hakuwa hivyo. Mlilie mama yako kwa jina la mama yako, mwombee, mtolee sadaka, na huyu mwache awe mtoto. Hujapata nafasi ya kuomboleza. Uliingia kwenye uzazi na msiba kifuani. Mwambie mumeo hivyo waziwazi, akupokee mtoto jioni nawe upumzike.

Mtume alikuwa akisikia kilio cha mtoto akiwa katika sala, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Mumeo aige hapo. Mpelekeni mtoto zahanati au hospitali ya Bombo akaangaliwe, na msikawie akiwa na homa, akikataa kunyonya, akitapika mfululizo au akipumua kwa shida. Asinyweshwe dawa za mizizi wala maji ya kombe. Maziwa yako yanamtosha mpaka miezi sita. Mkinge kwa maneno ambayo Mtume aliwakingia Hasan na Husein, akasema baba yao Ibrahim akiwakingia kwayo Ismail na Is-haka: "Uidhuki bikalimatillahi ttaammah, min kulli shaytwanin wa haammah, wa min kulli aynin laammah." Maana yake: nakukinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia, na kila shetani na mdudu wa sumu, na kila jicho lenye kudhuru.

Kwa mama yake, mumeo aende peke yake, kwa sauti ya chini, akifuata aya ya 15 ya Suratu Luqman: asimtii katika shirki, na akae naye kwa wema. Hukutaja akika. Kama bado, muda haujapita kwa madhehebu yetu ya Shafii. Mtoto wa kike mbuzi mmoja. Mwombeni mama mkwe aisimamie yeye shughuli, wapishi awaite yeye, na dua ya siku hiyo wasomewe marehemu wote wawili, mama yako na huyo bibi, kwa majina yao. Mumeo akitaka, anipitie msikitini baada ya Alasiri, niende naye kwa mama.

Wallahu aalam.